Alichokitupa Mzee Ezekia Majanini

Usiku ule nililala na petroli mikononi. Nilinawa kwa sabuni ya unga, nikanawa tena kwa majivu, lakini petroli ikishaingia kwenye kucha haitoki mpaka ichoke yenyewe. Mke wangu, Mama Upendo, akanigeuzia mgongo akasema, "Leo nimeolewa na kituo cha mafuta." Siku nyingine ningecheka.

Nieleze kwanza kwa nini sikucheka, maana ndoto bila mchana wake haieleweki. Mimi ni fundi wa magari hapa Njombe. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nalo sikulimaliza. Nimelea familia kwa magari ya kabureta. Kabureta unaifungua, unaiona, unaipuliza, mnaelewana. Magari ya siku hizi yana sensa, vidude vya kupima joto na hewa na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari, na hiyo kompyuta ndiyo inayoziamuru nozeli zimwage petroli kiasi gani. Mambo hayo nimejifunza uzeeni, kwa kuuliza na kuchekwa.

Sasa Nesi Tumaini, wa zahanati ya kule juu mlimani, alikuwa ameniletea gari lake, dogo, jeupe. Linakunywa mafuta, linatoa moshi mweusi, kwenye mlima linakata pumzi. Ndilo analowateremshia wajawazito hospitali uchungu ukizidi. Siku hiyo alikuja mara ya nne kwa ugonjwa uleule. Hakugomba, na bora angegomba. Alisema tu, "Baba Upendo, jana mjamzito ndiye aliyeshuka akasukuma. Mimi nimeshika usukani, yeye anasukuma, halafu ananiambia pole nesi."

Nilikuwa nimefanya yote ninayoyajua. Nilizisikiliza nozeli kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli, mpini sikioni, zote nne zinagonga sawasawa. Nikazichomoa, nikazimwagisha kwenye chupa nne za soda, mafuta yakalingana kama yamepimwa na muuza duka mcha Mungu. Nikaitoa sensa ya joto, nikaitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi, halafu cha maji moto, huku naisoma kwa mita. Namba zinashuka kadiri maji yanavyokuwa ya moto, ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo nikafunga mpya. Moshi uleule. Nikaazima kwa jirani mashine ya kusoma makosa ya gari, nayo ikawa inaniambia injini ni ya baridi, injini ni ya baridi, na gari limetoka kupanda mlima sasa hivi! Niliitukana ile mashine, na jirani mwenye nayo yupo amesimama pale. Nikamwambia nesi, "Sensa hizi ni waongo wote. Kesho asubuhi njoo na yule mtu uliyesema anataka kulinunua. Na mimi nafunga gereji, ufundi umenipita."

Mke wangu alisikia lile neno la kufunga. Hakusema kitu mpaka hilo la kituo cha mafuta.

Basi nikalala. Nikamwona Mzee Ezekia amekaa kwenye gari la nesi, kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Huyu ndiye aliyenifundisha ufundi, na tulishamzika miaka mingi iliyopita. Tulimzika na suti baada ya mabishano makubwa, maana dada yake alitaka suti na sisi mafundi tulitaka ovaroli. Dada alishinda. Lakini usiku ule alikuja na ovaroli, kiraka chake palepale gotini, nami nikafurahi kana kwamba mabishano yale yalikuwa ya jana.

"Kamwene," akanisalimu.

"Kamwene, Mzee."

"Jonasi, nasikia baridi."

Sikuona ajabu kwamba marehemu anasikia baridi. Njombe yetu hii hata jiwe linasikia. Nikamvika koti langu. Bado anatetemeka. Nikapitisha mkono nikawasha injini, nikafungua ile hewa ya moto ya garini imwelekee miguuni, ikatoka vuguvugu, kama pumzi ya mgonjwa. Akagusa dashibodi kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyogusa paji la mtoto.

"Na huyu naye," akasema. "Anasikia baridi huyu."

Nataka kumuuliza huyu ni nani, lakini hatupo tena garini. Tupo darasani, darasa langu la tatu, lile lililokuwa na tundu ukutani tulimokuwa tunapitishia mahindi ya kuchoma. Mzee Ezekia ameshika chaki. Yeye shule hakuingia kabisa, alikuwa anasaini kwa kidole gumba, lakini pale anaita majina kama mwalimu mkuu, na wanafunzi si watoto, ni vyombo vya injini vimekaa kwenye madawati. Mimi nipo katikati yao na mvi zangu, magoti hayaingii.

"Plagi."

"Nipo. Nimelowa."

"Nozeli."

Zote nne zikasimama pamoja. "Tupo. Tunamwaga tunachoagizwa."

"Sensa ya joto."

Kisha nyuma kabisa kakanyoosha mkono katoto ka kike, kamejifunga sweta mpaka kidevuni. "Nipo, mwalimu. Nasikia baridi."

Nikasimama kwa hasira, dawati likasimama nami. "Mwongo huyo! Gari limetoka mlimani! Nimempima mwenyewe!"

Mzee Ezekia hakunyanyua sauti. Enzi za uhai wake angenirushia spana.

"Ulipomtia kwenye maji ya moto alisemaje?"

"Alisema ni ya moto."

"Na kwenye ya baridi?"

"Alisema ni ya baridi."

"Uongo wake ni upi?"

Wenzangu wote darasani wananitazama, hata zile plagi zilizolowa. Miye ndiye niliyepima, na jibu nililipata, nikalikataa kwa sababu halikuwa nililolitaka. Mtoto anaambiwa mwongo mara nne mfululizo kwa kusema kweli. Nilisikia aibu ambayo hata macho ya nesi hayakunipa.

Nataka kwenda kumwomba radhi, natembea kati ya madawati, na sakafu inageuka majani. Majani marefu, makavu. Jua linapiga kama nyundo. Napajua hapa, ni Usangu, kwenye mashamba ya mpunga, huku ndiko nilikoanzia ufundi nikiwa utingo wa lori la Mzee Ezekia. Lori limesimama, boneti juu, linachemka kama sufuria ya maharage. Siku ya kweli ilikuwa hivi: alifungua injini, akatoa themostati, kile kidude cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji. Maji yakiwa ya baridi kinafunga mlango ili injini ipate joto, yakichemka kinafungua. Alikitupa majanini akasema, "Hiki wametengenezewa watu wa nchi za barafu. Huku tuna jua. Gari lolote, Jonasi, popote, kwanza toa hiki." Lori halikuchemka tena. Nami nikayabeba maneno yale nikapanda nayo mpaka Njombe kwenye ukungu, na kila gari lililoingia mikononi mwangu, hata liwe limekuja kwa breki tu, nililitoa kidude hicho. Nilikuwa najiona nawasaidia watu.

Lakini kwenye ndoto hakitupi. Amepiga magoti, anapekua majani kwa mikono miwili, jua lote lile na bado anatetemeka.

"Unatafuta nini, Mzee?"

"Nilichokitupa."

Nikapiga magoti nami. Tunapekua. Kisha, bila kuniangalia, akauliza:

"Gari la yule nesi, themostati aliitoa nani?"

"Mimi, Mzee. Mwaka jana."

"Na wewe nani alikufundisha?"

Mkubwa haonyeshwi kidole, na mfu ndiyo kabisa.

"Sema, Jonasi. Nimekuja mbali kwa neno hilo."

"Wewe, Mzee. Wewe, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mwenzake. "Lori lile, hapa kwenye jua hili, sikukosea. Lakini nilisema gari lolote, popote. Hapo ndipo nilipokosea. Rudisha. Na uwaambie."

Akavua koti langu, na pale majanini lilikuwepo lile gari jeupe la nesi, likinguruma na moshi wake mweusi. Akalifunika koti puani, mbele pale kwenye rejeta. Tukasimama pamoja kusubiri. Moshi ukawa wa kijivu, ukawa mwepesi, ukaisha. Nikamgeukia nimwonyeshe. Alikuwa ameacha kutetemeka, na nyuma yake mpunga umeiva mpaka mwisho wa macho.

Nikaamka. Kumepambazuka, jogoo wa jirani anamalizia. Mke wangu amekaa kitandani ananitazama.

"Unamlaumu nani alfajiri yote hii? Wewe Mzee, wewe Mzee."

Nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka nilipofika kwenye kukosea, akanikatiza. "Mzee Ezekia? Yule aliyetupeleka Makete kwenye harusi iliyokuwa Ludewa, na tulipofika akasema walioana wamehama? Huyo ndiye kasema nilikosea?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi huko waliko wafu, watu wanasoma," akasema. "Amka ukafanye ulichoagizwa."

Duka la vipuri lilikuwa bado halijafunguliwa. Nikachukua boksi la sabuni, nikalikata, nikaifunika rejeta nusu, nikawasha gari nikasimama na macho kwenye mshale wa joto. Mshale ukapanda, taratibu, mpaka mahali ambapo sijawahi kuuona ukifika kwenye gari lile. Nikaenda nyuma kutazama moshi. Nilikaa pale nimechuchumaa kwa muda mrefu, Mama Upendo ananiuliza dirishani vipi, na mimi namwonyesha bomba kwa kidole, halitoi moshi tena.

Ndipo nikampigia nesi. "Mwambie mnunuzi arudi kwake."

"Umepata ugonjwa, Baba Upendo?"

"Ugonjwa ni mimi, mwanangu. Duka likifunguliwa nairudisha themostati, halafu njoo uchukue gari."

Aliniagiza niwaambie, basi nawaambia. Kama gari lako lilipita kwangu hapa Njombe, likaanza kunywa mafuta na kutoa moshi, ukanirudia, nami nikakwambia ndiyo tabia yake, halikuwa na tabia hiyo. Lilikuwa linasikia baridi, kompyuta ikaliagizia petroli nyingi kama injini iliyoamka sasa hivi, na aliyelivua ni mimi. Lilete. Gereji siifungi, nina magari mengi ya kuvisha.