Dawa ya Nani?

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, baridi ya Eldoret imeshika mpaka chai inapoa kabla hujaimaliza. Nilikuwa nesi mpya, nimetoka kwetu ziwani, nimepanga chumba mtaa wa West Indies. Akaletwa kibarua wa shamba kutoka Soy. Mkewe alikuwa ameshika kadi ya chama tawala mkononi. Siku hizo watu walidhani hata kutibiwa ni mpaka uionyeshe.

"Ana nini, mama?"

"Dawa imemzidi."

Nikaelewa amemeza tembe nyingi. Jamaa alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, mate yanamtoka. Nikamwonea huruma, nikamfunika blanketi juu ya sweta yake nzito.

Sista Rael, mkubwa wetu wa wodi, akafika. Akamfunua macho: mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akasikiliza kifua, kinakoroma maji. Akamgeukia mke pole pole. "Mama, hiyo dawa ilikuwa ya nani?"

"Ya ng'ombe, ya kupe. Alikuwa anawanyunyizia, pampu ikamvujia mgongoni."

Ala! Si unajua sisi? Ya malaria ni dawa, ya kupe ni dawa, hata ya panya ni dawa.

"Wewe!" Sista akanifokea. "Unamfunikia sumu mwilini? Vaa glavu, toa hiyo sweta!" Tukamvua nguo zote, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele hadi kucha. Akachomwa sindano ya atropini ya kuzima hiyo sumu, akarudiwa tena na tena mpaka kifua kikakauka. Jioni akaita jina la mkewe. Nililia, sikatai.

Nikataka kumrudishia mke ile sweta. Sista akanishika mkono. "Ukimpa ataifua kwa mikono yake, na kesho utampokea yeye." Ikafungwa kwa karatasi ya nailoni, ikatupwa. Yule mama aliitazama ikienda. Alikuwa ameifuma mwenyewe.

Basi wewe unayeanza kazi hii, huruma peke yake haitoshi, na kuuliza si ujinga. Ukiambiwa dawa, uliza ni ya nani, na imeingilia wapi. Nguo zilizolowa vua kwanza, blanketi baadaye. Na usimwache aliyemleta aondoke na sumu kwapani. Mungu akubariki mikono, mwanangu, na kila utakayempokea amebebwa, atoke akitembea.