Kimya Kinaishia Ipogolo

Mwanzi mbichi ukibebeshwa mzigo hulia. Haulii kwa sauti kubwa. Ni kama mtu anayejigeuza polepole kwenye kitanda cha kamba. Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekata njia ya makaburini, vijana walilifunga jeneza kwenye mianzi miwili wakalibeba mabegani. Wenzangu waliimba. Mimi nilikuwa naisikiliza mianzi, maana sauti ile niliijua. Ndiyo iliyomleta mdogo wangu duniani.

Nilikuwa binti mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Ilikuwa miaka ya hamsini, serikali bado ya Waingereza. Baba alikuwa Mbeya akifanya kibarua cha barabara, na sisi tuliishi na bibi, mama yake baba, kwenye kilima ng'ambo ya mto Ruaha. Kutoka kwetu, usiku usio na ukungu, uliweza kuona taa za Iringa mjini. Ndiyo maana nilikua nikidhani mji uko karibu.

Mama alishikwa na uchungu wakati wa baridi kali ya mwezi wa sita. Uchungu ulianza jioni, ukalala naye, ukaamka naye. Bibi alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, na mikono yake ilijua inachogusa. Asubuhi alitoka nje, akanawa, akawaambia wanaume wakakate mianzi. Bibi akisema mianzi ikatwe, maana yake mikono yake imefika mwisho.

Machela ya kwetu ilikuwa mianzi miwili iliyosukwa katikati kwa kamba za magome, juu yake mkeka na blanketi. Na machela ilikuwa na desturi yake, ambayo lazima niieleze, la sivyo hamtaelewa yaliyotokea. Wazee walisema ugonjwa humfuata mgonjwa kwa nyuma, tena haumfuati kwa macho, unamfuata kwa sauti. Kwa hiyo wanaobeba machela hawasemi. Hawasalimu wala hawaitikii salamu mpaka mgonjwa apokelewe na mkono wa mwenye dawa. Na mgonjwa mwenyewe hufunikwa mpaka usoni, upepo usimpige na macho ya watu yasimwangukie.

Basi tukashuka kilima kimya. Wanaume walibeba kwa kupokezana, bibi nyuma yao na chungu kichwani, mimi nyuma ya bibi na kuku kwapani, maana hospitalini kila mgonjwa alipikiwa na watu wake. Kuku peke yake ndiye hakufuata desturi. Alilalamika njia nzima, nami nilimbana mdomo kwa vidole nikiamini kabisa kwamba akiendelea vile atamuua mama yangu.

Tulifika Ipogolo jua likiwa juu. Kando ya barabara palikuwa na duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, ambaye wazee wake walitoka pwani, na mke wake aliitwa Bi Mwanaidi. Alikuwa mwanamke mnene, mweupe wa roho, na mdomo wake haukujua likizo. Alipotuona tumeweka machela kivulini alitoka na mtungi wa maji na kikombe.

"Karibuni, ndugu zangu. Poleni na safari. Nani huyo anayeumwa?"

Kimya. Wanaume walikunywa maji wakitazama chini.

"Jamani, nimeuliza vibaya?" Akainama kwa bibi. "Mama, kamwene basi." Ile salamu ya Kihehe aliitamka kipwani, kwa utamu kama anaimba.

Bibi alitazama vidole vya miguu yake. Nilimwona anavyoteseka, kwa sababu kutoitikia kamwene kwetu ni sawa na kumtemea mtu mate. Bi Mwanaidi akachukua kikombe chake. "Haya. Watu wa milimani, hata asante mnaikopa," alisema, akaingia dukani akitikisa kanga.

Toka pale barabara inapanda mpaka mjini, nao wanaume waliipanda wakihema kama ng'ombe wa plau. Mama alikuwa ameacha kuguna. Sikujua kama hiyo ni heri au shari. Niliitazama ile blanketi tu, na kila ilipopanda na kushuka, nami nilipumua.

Langoni mwa hospitali alisimama dresa, msaidizi wa hospitali, kijana aliyevaa kaptura ya kaki na kofia. Aliuliza tumeleta nani. Hakujibiwa. Aliuliza tena, akamtazama bibi, akawatazama wanaume waliosimama wameinamisha vichwa, akaitazama blanketi iliyofunika mpaka usoni. Taratibu akavua kofia.

"Poleni sana," alisema. "Maiti hupitia nyuma. Ile nyumba nyeupe chini ya mikaratusi."

Nikangoja mtu aseme. Kila mmoja wao alijua kwamba mama yu hai, na kila mmoja aliamini kwamba atakayefungua mdomo ndiye atakayemuua. Dresa hakuwa mwenye dawa. Alikuwa mtu wa langoni tu. Basi wakainua mianzi, wakageuka, wakaanza kumpeleka mama yangu nyumba ya maiti. Bibi alifuata. Machozi yalimtoka lakini miguu yake ilikwenda.

Mlangoni pale alikaa mzee mmoja kwenye kigoda, akimenya muwa. Alisimama, akafuta mikono, akashika ncha ya mwanzi ili asaidie kuiteremsha machela. Ndipo sauti ikatoka chini ya blanketi, dhaifu lakini imenyooka.

"Kaka, mimi sijafa. Wapeleke hawa ndugu zangu kunakotibiwa watu."

Desturi iliwafunga wabebaji. Mgonjwa hakuwa amewekewa sheria yoyote, kwa kuwa hakuna aliyetegemea kwamba angesema. Yule mzee alirudi nyuma hadi akakaa tena kwenye kigoda bila kukusudia. Kisha akacheka, cheko la mtu ambaye kazini kwake habari njema ni adimu. "Tangu nianze kazi hapa," alisema, "hakuna aliyewahi kunisemesha." Akashika mwanzi wa mbele yeye mwenyewe, akatupitisha njia ya mkato, kando ya ukuta wa wodi ya Wazungu.

Hapo ndipo nilipochungulia. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani palikuwa na vitanda vya chuma vyenye mashuka meupe yaliyonyooshwa, na maua kwenye glasi, na hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Upande wetu, wodi ya Waafrika, wagonjwa walilala wawili wawili, na wengine chini. Mama alitandikiwa mkeka sakafuni kati ya vitanda viwili. Nesi alipomshika mkono tu, bibi alishusha pumzi iliyobeba maneno ya safari nzima, akaanza kueleza yote kwa pamoja.

Tuliambiwa tungoje nje. Daktari alikuwa mmoja, na zamu yetu haikuwa ya kwanza. Nikamuuliza bibi kwa nini mama asilazwe kwenye vile vitanda vyeupe visivyo na watu.

"Vina wenyewe," alisema bibi.

"Wako wapi?"

"Hawajaumwa bado."

Mdogo wangu alitolewa kwa koleo jua likizama, na chuma kile kilimwachia kishimo pembeni mwa jicho. Mama alipona. Usiku ule kuku aliyenisumbua kutwa alikuwa supu, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Kesho yake Bi Mwanaidi alipanda hospitalini na uji wa pilipili manga. Habari zilikuwa zimemfikia. "Leo mna ndimi?" alimwambia bibi. Bibi akamsimulia desturi yetu, na jinsi mama alivyofikishwa kwenye nyumba ya maiti. Bi Mwanaidi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, halafu akaketi karibu na bibi.

"Mama," alisema, "mficha uchi hazai. Kuanzia leo mwanamke wa kwenu asingoje kubebwa. Mwezi wake ukikaribia aje na unga wake, alale kwenye banda langu la nyuma. Na uchungu ukianza, mimi nitapanda naye. Langoni nitasema mimi. Mwajua sichoki."

Na hakuchoka. Miaka mingi wanawake wa kilima chetu walishuka na unga na maharage wakangoja kwake. Si wote waliopona, nisiwadanganye. Lakini hakuna tena aliyefika akiwa amefunikwa uso. Bibi naye aliwakalisha wazee wa kijiji, wakabishana kutwa. Hawakuifuta desturi. Waliikata tu mahali. Kimya kinaishia Ipogolo, walisema. Toka Ipogolo kwenda juu, piga kelele.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni kimya chetu tu kilichokaribia kumuua mama. Niliamini hivyo miaka mingi, na niliwaonea aibu watu wangu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hata tungefika tukiimba, mkeka ungekuwa ule ule, na vile vitanda vingebaki vimetandikwa. Kimya chetu kilikuwa kosa letu, nasi tulilirekebisha kwa siku moja ya mabishano. Lile lingine halikuwa letu, na lilichukua muda mrefu zaidi.

Mwaka huu mdogo wangu alipozidiwa, alilazwa hospitali ile ile. Ile wodi ya Wazungu siku hizi ni ya watu wote. Alipewa kitanda cha dirishani. Nilikaa karibu naye, nikakitazama kishimo chake pembeni mwa jicho, nikatazama nje mahali nilipowahi kusimama na kuku kwapani. Hadithi aliijua, tulikuwa tumemsimulia tangu mdogo.

"Vitanda hivi vina wenyewe," nilimwambia.

Alitabasamu bila kufumbua macho. "Basi waambie tumefika."