Nyasi Juu ya Jabali

Mama yangu alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda kimoja kule Nyakato, hakulia. Alisema tu, "Basi, nitauza dagaa." Mimi ndiye niliyelia, tena kwa aibu. Sisi tulikuwa Wahaya wa ndizi na kahawa, na dagaa tuliwajua wakiwa kwenye sahani.

Tulikuwa tumepanga kilimani, katikati ya mawe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jabali pana lisilo na mwenyewe. Upande mmoja jirani yetu, mama wa Kisukuma, alianika michembe, yaani viazi vitamu alivyovikata vipande. Mama akaomba upande wa pili. Jirani alikunja pua, halafu akakubali.

"Ila michembe yangu ikinuka dagaa, tutagombana."

Siku ya kwanza mama alifanya kosa ambalo ni Mhaya tu angelifanya. Kwetu Kagera ndani ya nyumba hutandikwa nyasi, na mgeni huvua viatu kabla ya kuzikanyaga. Mama hakuona heshima ya kumwaga chakula kwenye jiwe tupu. Akakata nyasi, akatandika, akamwaga dagaa juu yake. Nyasi zikashika unyevu. Kufikia jioni dagaa walikuwa wameoza, tukaenda kuwafukia.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Wahaya mna makuu! Hata dagaa mnawatandikia kitanda?" Kisha akaushika mkono wa mama, akaulaza kwenye jiwe lililokuwa bado la moto. "Jiwe ndilo linalokausha, dada. Jua linasaidia tu."

Kesho yake mama alirudi jabalini na dagaa wengine, bila nyasi. Utani wa kitanda haukuisha, lakini jabali lile lilitulisha. Sare zangu za shule zilitoka pale, na za watoto wa jirani pia.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa, na kila mwenye uwezo alikuwa anajenga. Kokoto zikawa mali. Masika moja, hakuna cha kuanika, akapanda mfanyabiashara mmoja akatangaza kwamba kesho wapasua mawe watakuja. Wangechoma matairi juu ya jabali mpaka lipate nyufa, kisha wangelimaliza kwa nyundo.

"Hapa ndipo tunapoanikia," mama alimwambia.

"Mbona simwoni hata dagaa mmoja?"

Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia.

Alipoondoka, jirani akasema, "Amesema kweli. Tutaanika nini kwenye mvua?"

"Hatuaniki," mama alijibu. "Tunatandika."

Asubuhi mama na jirani walishuka bondeni na mapanga yao, wakakata nyasi, mimi nikabeba. Jirani hakucheka hata kidogo. Tulifunika jabali lote, mwisho hadi mwisho, halafu wale wanawake wawili wakaketi katikati, wakanyoosha miguu. Mvua ilipokatika, wapasua mawe wakafika na matairi yao mabegani. Kiongozi wao, mtu wa makamo, alifika ukingoni akasimama. Akazitazama zile nyasi kwa muda mrefu. Kisha akaweka tairi chini, akavua ndala zake, akamwamkia mama kwa Kihaya.

Mama alimjibu kwa Kiswahili, ili jirani asikie. "Marahaba. Karibu ndani. Huyu ni mwenye nyumba mwenzangu."

Yule mtu alipiga hatua mbili tu, peku, akasimama tena. "Mama, kazi ninaitaka," alisema. "Lakini siwezi kuwasha moto nyumbani kwa watu." Akawageukia wenzake, akawaambia wabebe matairi. Mfanyabiashara alifoka kule chini mpaka sauti ikamkauka. Hawakugeuka.

Jirani alisubiri washuke wote. Kisha akavua raba zake zilizojaa matope, akaziweka ukingoni, akarudi kukaa karibu na mama.

"Ila jua likitoka tunaziondoa hizi nyasi," alisema. "Mimi nina viazi."