Kivuli cha Kukodisha

Turubai lile nililinunua kwa bangili zangu za mahari. Niliziuza kwa sonara mmoja huko Nanyuki, mzee aliyezipima na kuzipima tena huku akiguna, na nilipotoka kwake nilikwenda moja kwa moja kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vikuukuu vya jeshi. Turubai lilikuwa na rangi ya majani makavu, linanuka nta na ukungu, na wanaume wanne walihema kulipandisha kwenye lori. Lori lilikuwa la mume wangu. Alikuwa akibeba mizigo kati ya Isiolo na Moyale, na siku hiyo alikubali kunipitia. Alicheka njia nzima mpaka nyumbani kwetu Kiwanjani.

"Unataka kukodisha kivuli?" aliniuliza. "Kivuli ni cha Mungu. Nani atakulipa?"

Mimi nilikuwa na hoja yangu. Miaka hiyo ya sabini harusi zetu zilifanyiwa juani. Watu walisimamisha miti, wakafunga mablanketi juu yake, na ikifika saa saba mablanketi yameshuka vichwani mwa wageni. Katika harusi ya binamu yangu, shangazi ya bwana harusi alizimia kabla chakula hakijaiva, tukammwagia maji yaliyokuwa ya pilau. Nilimpepea yule mama kwa upande wa leso nikiwaza kwamba mji huu una watu wenye ng'ombe, wenye malori na wenye maduka, lakini hauna hata mmoja mwenye pa kuwaketisha wageni wake.

Hakuna aliyeniambia kuwa turubai lenyewe ndilo rahisi. Lilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba halina nguzo, halina vigingi, wala kamba. Nguzo za mbao zilipinda mwezi wa kwanza, ikabidi nitengenezewe za chuma. Viti vilichongwa na seremala Mmeru aliyekuwa na kibanda karibu na soko, mtu mpole aliyenikopesha na kuningoja. Kisha zikahitajika sufuria kubwa, maana mwenye kukodi turubai anauliza na sufuria. Kisha sahani, mabirika, na mikokoteni ya punda ya kubebea vyote hivyo. Vijana wa kubeba hawakuinua hata kiti kabla hawajanunuliwa miraa, na wakishatafuna waliinua kila kitu isipokuwa kile nilichowaambia. Leseni ya mji nayo ilitaka kulipiwa. Baada ya harusi, mafuta ya nyama yalibaki kwenye kamba, na panya wakazila kamba. Mchwa walikula miguu ya viti. Vijiko havikurudi kamwe vyote, na ukiuliza unaonekana mchoyo.

Halafu kulikuwa na upepo. Anayeijua Isiolo anaujua upepo wa mwezi wa saba, unaovuka uwanja wa ndege adhuhuri bila kukuta hata ukuta wa kuuzuia. Katika harusi moja kule Chechelesi upepo huo uliingia chini ya turubai, ukalijaza kama tumbo, ukaling'oa na vigingi vyake. Nguzo ilimwangukia mzee mmoja ikamvunja mfupa wa bega. Nililipa hospitali, na nikapeleka mbuzi kwa watu wake, kwa sababu bila mbuzi wasingesema yamekwisha. Bwana harusi alikataa kunilipa. Alisema alikodi kivuli, hakukodi balaa.

Tangu hapo nilikwenda kufunga kamba mimi mwenyewe. Nilipandisha buibui, nikapiga vigingi kwa nyundo mbele ya wanaume, na wake zao wakanicheka. Mama yangu mzazi alinionya: "Watakuheshimu wakiwa na shida tu." Alinipa sharti moja, nisitoze msiba. "Maiti hatozwi," alisema. Sikutoza. Kwa hiyo watu walikuwa wakinijia na misiba mingi ajabu, na kwenye baadhi ya misiba hiyo nilisikia vigelegele.

Ndugu wa mume wangu hawakulipa kamwe. Kwao turubai lilikuwa la nyumbani, kama kinu. Ukaja na ule mwaka wa ukame, mnada wa mifugo ukawa kimya, watu wakawa wanapanga foleni ya mahindi ya manjano, na hakuna aliyeoa. Seremala alikuja akasimama mlangoni, akatazama viti vyake vilivyorundikwa, akasema, "Habari, mama. Nilikuwa napita tu." Akaenda zake bila kudai. Nililia alipokwisha kwenda.

Mvua iliporudi, harusi zilirudi kwa kishindo. Kwa miaka miwili mitatu nilishiba kazi. Nililipia karo ya binti zangu. Giaboksi ya lori la mume wangu ilipokufa huko Laisamis, ni turubai lililonunua nyingine. Alinishukuru siku hiyo. Aliniita mwanamke wa nguvu.

Mwaka huohuo mama yake alikuja kwangu asubuhi, amejitanda vizuri, na amejipaka uturi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama. Karibu chai."

Alikunywa chai yote kwanza. Alisifu maziwa. Kisha akasema, "Mwanangu, Ijumaa ijayo tunahitaji turubai. Na viti vyote. Na zile sufuria kubwa."

"Msiba, mama?"

"Astaghafirullah. Harusi."

"Nani anaoa?"

Aliweka kikombe chini taratibu. Alitazama mlango, kisha akanitazama mimi. "Wewe ni mtu mzima," alisema. "Una mabinti tu. Mwanamume anahitaji wa kumzika."

Hakulitaja jina la mwanawe. Hakukuwa na haja. Nakumbuka nilisimama nikachukua kikombe chake nikakiosha, nikakiosha tena, na yeye akiwa bado ameketi nyuma yangu akisema mambo ya subira, na ya thawabu ya mwanamke mwenye subira.

Mume wangu aliporudi kutoka Moyale nilimngoja amalize kula.

"Mama yako alikuja kukodi turubai," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Sijaambiwa nani atalipa."

Alidhani hakusikia vizuri. "Utanitoza mimi? Mume wako?"

"Mbuzi umewapata bure? Mpishi amesema atapika bure? Sheikh hatapewa chochote?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema ulilipa."

Alinitukana. Nilimwacha atukane. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuweza hata kulia, na nilichokuwa nacho mkononi ni bei tu. Siku ya Alhamisi alitupa noti kitandani. Nilizichukua. Watu wananiuliza mpaka leo kwa nini sikukataa kabisa kulitoa. Ningekataa, wangelichukua, na ningebaki mke mbaya tena bila malipo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Harusi ilikuwa kwa kina bibi harusi, upande wa pili wa mji, familia iliyohamia kutoka vijijini wakati wa ukame baada ya kupoteza ngamia wao. Hawakunijua. Nilifika alfajiri na mikokoteni, nikafunga kamba zote, nikapiga vigingi viwili pale ambapo kimoja kingetosha. Adhuhuri upepo ulikuja kama kawaida yake. Turubai lilivimba, wanawake wakapiga kelele, na mimi nikajikuta nimekumbatia nguzo ya kati kwa mikono yote miwili nikiwapigia kelele vijana washike kamba. Lilishika. Waliokuwa wanaimba waliendelea kuimba. Ningeweza kuiachilia ile nguzo. Wazo hilo lilikuja, likapita, na sababu ya kutoiachilia haikuwa wema. Lilikuwa turubai langu.

Baadaye, nikiwa nimeketi nje juu ya mkokoteni pamoja na wabebaji, shangazi wa bibi harusi alitoka na sahani ya pilau.

"Wewe mama wa turubai, umekula?" aliuliza. "Kula. Umefanya kazi leo." Akaongeza kwa huruma ya kweli, "Huna mume wa kukusaidia?"

Wabebaji waliinamisha vichwa. Mmoja alianza kusema kitu, nikamgusa goti anyamaze.

"Ninaye," nilisema. "Ana shughuli."

Nilikula pilau ile. Nilikuwa na njaa tangu usiku uliopita. Ilikuwa na chumvi nyingi.

Mume wangu hakunisamehe zile noti. Wiki chache baada ya harusi nilirudi kutoka sokoni nikakuta nguzo zimelala uani na turubai halipo. Alikuwa amefunika nalo mzigo wa sukari, ameondoka kwenda Moyale. Nilipomuuliza aliporudi, alisema lori lake ndilo lililolileta, nyumba ni yake, na kilicho ndani ya nyumba ni chake. Nilikwenda kwa wazee. Wazee walisema tusaidiane. Nikaenda kwa kadhi, ingawa katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kumshtaki mumewe.

Kadhi alikuwa mtu wa maneno machache. Alimuuliza mume wangu, "Bangili zilikuwa mahari yake?"

"Ndiyo."

"Aliziuza akanunua turubai?"

"Ndiyo, lakini lori..."

"Mahari ni mali ya mwanamke, na alichokinunua kwayo ni chake. Mrudishie."

Alinirudishia. Vijana walilishusha mlangoni, nikalikunjua. Miezi yote hiyo kesi ikingoja, lilikuwa limesuguliwa na vyuma vya lori, limeunguzwa na bomba la moshi, limelowa dizeli. Niliweza kupitisha kichwa changu kwenye matundu yake. Nilishona siku nyingi kwa sindano ya magunia mpaka vidole vikavimba, na sehemu niliyoshona ilipokazwa kwa kamba, pembeni yake pakachanika. Mwishowe nilichukua kisu nikalikata vipande. Wanawake wa sokoni walivinunua kufunikia nyanya na viazi. Kwa miaka kadhaa nilipokuwa napita sokoni nililiona, kipande hapa na kipande pale, na nikawa nazunguka njia ya nyuma.

Ada ya kesi, nauli, karo iliyochelewa, binti yangu mkubwa kukaa nyumbani muhula mzima. Hayo yote niliyalipa ili niambiwe kwamba kitu changu ni changu. Kufikia wakati huo vijana wawili walikuwa wamefungua kazi hiyohiyo mjini, na maturubai mapya yenye mistari, na pikapu ya kubebea. Hawakuhitaji kupiga vigingi mbele ya wanaume wasiowataka hapo.

Nilibaki na sufuria. Nilizikodisha moja moja.

Mke mwenzangu alikuja siku moja, amebeba mtoto mgongoni, wa kiume. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Alisalimia kutoka nje ya kizingiti, akaniita abayo, yaani dada, akasema anataka sufuria kubwa, shangazi yake anakuja na wageni. Nilimtajia bei, kubwa kuliko ya watu wengine. Alifungua pindo la leso akanipa yote, hakuomba kupunguziwa. Kesho yake aliirudisha. Ilikuwa imesuguliwa kwa jivu ndani na nje, mpaka chini kwenye masizi, jinsi ambavyo hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kunirudishia chombo. Alisimama pale, jasho linamtoka, mtoto amelala. Chai ilikuwa jikoni, imeiva. Nilipokea sufuria, nikaikagua, nikamwambia asante, na nikafunga mlango.