Kumwangusha Mama Mkwe

Walisema nitarudi na suti tu. Wengine walisema sitarudi kabisa, na kwamba waliotoa ng'ombe wauzwe nipate nauli wameshatapeliwa. Mchunga ndama wa watu, waliuliza, atasomea nini Ulaya? Nilirudi na stashahada ya tiba ya viungo, nikaitundika ukutani katika chumba changu cha tiba Katoro, mji wa wachimba dhahabu, mahali ambapo hata mchimbaji mwenye haraka angeiona.

Kati ya walionikopesha alikuwemo mama wa mchumba wangu, aliyetoa mitamba wawili. Niliporudi na kuoa, mama mkwe huyo alikuwa hawezi tena kujilaza. Akigeukia ubavu wa kulia nyumba inazunguka, anatapika. Usiku alikaa kitako ameegemea gunia la pamba, na shamba lake likaota magugu. Kaka zake, kijijini kwao Mhunze, walikwisha kuamua kwamba mizimu inamwita awe mganga. Baada ya mavuno angeingizwa kwenye uganga. Yeye, muumini wa kanisani siku zote, hakutaka, ila hakuwa na jibu la kuwapa.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo mithili ya chokaa. Zikibanduka, hukidanganya kichwa kwamba dunia inazunguka. Tiba yake ni mgonjwa kujiangusha ubavuni, makusudi, tena na tena, mpaka zitulie. Lakini kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, wala hamtazami usoni. Basi nikaketi nje, chini ya dirisha lake, nimeligeuzia mgongo, mke wangu akiwa ndani.

"Mwambie mayu, mama yako, aketi ukingoni mwa kitanda, ageuzie uso kushoto, aangukie ubavu wa kulia."

"Anakusikia mwenyewe," mke wangu alisema. "Endelea."

Kilio cha mama kilipotoka dirishani, kaka wa mke wangu alinijia mbio. "Shemeji, huko Ulaya ulisomea kuua wakwe?"

Nilimjibu kwamba nilisomea mengi, hilo halikuwemo. Ndani mama aliomba ainuliwe. Nikasema asubiri kwanza. Tukasubiri wote, shemeji akinisimamia kichwani.

"Mwambie mumeo," sauti ikatoka taratibu, "nyumba imesimama."

Tulirudia asubuhi, mchana na jioni. Alipotapika tena, kaka zake, wajomba wa mke wangu, walimleta mbuzi wa sherehe ya uganga kabla ya wakati, wakamfunga karibu na nilipoketi. Sikuondoka. Kabla pamba haijaisha kuvunwa mama alilala chali hadi kukakucha, na mbuzi akarudishwa alikotoka.

Wachimbaji wenye migongo mibovu walinijazia chumba changu Katoro. Nilinunua ng'ombe mnadani, nikawapitia wakopeshaji wangu nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, wote waone. Mwisho nikawafikisha mitamba wawili kwa mama mkwe. Aliinama akawakagua kwato, akainuka bila kushika kitu.

"Mwambie mumeo," alimwambia binti yake, "huyu mmoja amekonda."

Nilirudi mnadani, nikamletea aliyenona. Jioni hiyo sikudaiwa na mtu.