Kufuli kwenye Mlango wa Kaka

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, mahindi yameshaingia ghalani na njia zote za kwetu Kakese zimejaa vumbi, nilijiona mimi ndiye mwanamume kuliko wanaume wote wa Katavi. Siku hiyo wakwe zangu watarajiwa walikuwa wanakuja kukagua ng'ombe wa mahari.

Kabla sijaendelea, umjue kwanza anayekusimulia. Shule niliiacha darasa la nne, na wala sikulia. Leo ukipita Kakese ukasikia mashine ya kukoboa mpunga inanguruma, ni yangu. Ile nyumba ya bati jekundu kule Kawajense, yenye geti, yangu pia. Hakuna aliyenipa, nimetafuta kwa mikono hii. Sisemi ili kujisifu, ingawa kujisifu nako nakuweza. Nasema ujue kwamba mtu anaweza kujenga vyote akashindwa kurekebisha kimoja.

Nilikuwa naye kaka yangu mkubwa, Maduhu. Bado ninaye. Wazee wetu walihama na mifugo kutoka Usukumani tukiwa wadogo, na safari ile yote Maduhu ndiye aliyetembea mbele ya ng'ombe akipiga mluzi. Mluzi wake haukuwa wa kufukuza, ulikuwa wa kuita. Ng'ombe akiusikia anaacha hata majani mdomoni. Baadaye, akiwa kijana mkubwa, akaugua akili. Hakulala, akawa anazungumza na watu tusiowaona. Majirani wakasema karogwa, wengine wakasema ni ukoo. Tukazunguka kwa waganga mpaka tukachoka. Mwishowe mama akampeleka hospitali mjini, wakampa vidonge, akatulia, akarudi machungani. Alibaki na kusema peke yake kidogo, na kucheka pasipo kichekesho. Basi. Nani kati yetu hana lake?

Lakini jina lilishabaki. Nikipita sokoni nasikia, "Huyo ni wa kwa yule chizi." Nami nilikuwa namtaka Kabula, binti wa Mzee Luhende wa upande wa Sitalike, namtaka mpaka chakula hakipiti. Nikajiambia, wakimwona Maduhu, nimemkosa.

Baba alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kwetu, baba akiwa hayupo, kaka mkubwa ndiye anayewatoa ng'ombe zizini mbele ya wakwe. Asubuhi ile nikamchukua Maduhu mpaka kwenye ghala la mahindi.

"Kaka, kaa humu. Ni leo tu."

"Na ng'ombe?"

"Nitawatoa mwenyewe."

Akanitazama. "Wewe hawakujui, mdogo wangu."

"Watanijua leo."

Akaingia, akaketi juu ya gunia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho, kwamba hakubisha. Nikapiga kufuli. Mama aliniona. Akageuza uso, akaendelea kupepeta mchele wa wageni.

Wakwe wakaja, wakala, wakashiba. Mzee Luhende akauliza kaka yetu mkubwa yuko wapi. Nikajibu bila hata kumeza mate, "Amesafiri, baba. Yuko Tabora." Tukaenda zizini. Nikafungua, nikaita. Ng'ombe wakanitazama kama wanavyotazama kisiki. Nikachapa fimbo, wakatawanyika. Shangazi yake Kabula, mama wa maneno yule, akaangua kicheko.

"Bwana harusi, ng'ombe hawa ni wa kwenu au wa kuazima?"

"Wa kwetu, shangazi!"

"Mbona wanakuuliza jina?"

Watu wakacheka. Maana wapo wanaoazima, mwanangu. Ng'ombe wanakaguliwa, halafu wanarudi kwa wenyewe. Hapo hapo ukasikika mluzi kutoka ghalani, mdogo, wa taratibu. Nadhani alisikia ninavyochekwa, akataka kunisaidia. Ng'ombe wote wakageuka, wakatupita kama hatupo, wakaenda kusimama mbele ya mlango ule wenye kufuli. Dume kubwa likaweka pua kwenye ufa wa mbao.

Mzee akausogelea mlango, akagusa kufuli.

"Fungua," akasema Mzee Luhende.

Nikafungua. Maduhu akatoka na vumbi la mahindi kichwani, akamwamkia mzee kwa adabu, kisha akaanza kumtajia ng'ombe mmoja mmoja, huyu jina lake nani, mama yake ni yupi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Halafu akanigeukia mimi.

"Kijana, ugonjwa hata kwetu upo, tunauguza. Ila niambie, binti yangu akija kuugua hapa kwako, utamfungia chumba gani?"

Nikabaki na kufuli mkononi. Swali lile ninalo mpaka leo.

Wakaondoka, na Kabula akaolewa kwingine. Watu wakasema nimekosa mke kwa sababu ya kaka yangu. Waongo! Nilimkosa kwa sababu ya kufuli. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na ng'ombe.

Mke nilikuja kupata, mama watoto wangu, mwanamke wa maana kabisa. Siku wakwe hao nao walipokuja kukagua, niliamka nikiwa nimeshaamua, leo kaka atatoa ng'ombe mbele ya watu wote. Nikamtafuta zizini, hayupo. Nikamkuta ghalani, ameketi juu ya gunia, anasubiri nifunge.

Nilimbembeleza mpaka akatoka. Lakini mazoea yana taabu, mwanangu. Sasa tunaishi naye Kawajense, ana chumba kizuri, vidonge vyake nafuata mwenyewe hospitali na kwenye foleni nakaa naye bega kwa bega, anionaye na anione. Lakini pikipiki ikisimama tu getini, Maduhu anachukua kigoda chake anakwenda nyuma ya nyumba.

"Kaka, kaa tu," namwambia.

"Hapana, una wageni."

Nani alimfundisha? Mimi. Fedha zangu zote hazijaweza kumfundisha vinginevyo. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu wangu amekuwa mtu mzima, anakula nami sahani moja.

Kwa hiyo nyie vijana mnisikie. Mwenzenu akianza kusema na hewa, akikosa usingizi, akijitenga, msimbandike jina; jina halina dawa, ugonjwa unayo. Mpelekeni hospitali mapema, na akipata nafuu msimwachishe vidonge kwa sababu jirani atamwona. Wageni wakija, mkalisheni pale pale sebuleni, mseme huyu ni kaka yetu, basi. Anayekimbia nyumba kwa kumwona mgonjwa, mwache akimbie; huyo hangekuuguza hata wewe. Wala usijione mzima sana. Hujafa hujaumbika.

Ng'wanawane, mtoto wangu, Mungu akupe nguvu za mikono kama alivyonipa mimi, na akili ambayo mimi nilichelewa kuipata. Akujalie nyumba ambayo mgeni akipiga hodi, hakuna mwenyeji anayenyanyua kigoda chake.