Tai Aliyeshuka Uani

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilipanga chumba cha nyuma kwa mama mmoja mzungu, mjane, muuguzi mstaafu, kule Morningside, Durban. Siku za kazi nilisuka nywele mjini. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nilimsaidia kupeleka chai barazani, maana ndiyo siku wapenda ndege wenzake walipokuja kuambiana waliyoyaona wiki nzima. Walikuwa majirani wachache, pamoja na mwalimu mmoja mstaafu aliyeendesha gari kutoka Queensburgh.

Msimu wa baridi ndio walioupenda zaidi. Durban jua linawaka hata Julai, nyasi zinakauka, na ndege wa milimani wanashuka pwani kutafuta joto. Mwalimu aliweza kutumia chai nzima kueleza ndege mmoja wa kahawia, mwenye madoa kifuani, aliyemkuta akipekua majani makavu. Mwanzoni niliwacheka kimoyomoyo. Kwetu Bukavu, ndege tulimjua akila mtama wetu au akiwa sufuriani. Lakini nilizoea. Siku moja nikawaambia nimeona ndege mwenye mabawa mekundu kwenye mpapai wa jirani, wakanipigia makofi kama mtoto aliyesoma sentensi yake ya kwanza.

Waliyemtamani wote alikuwa tai mwenye kishungi, anayeishi kwenye kimsitu cha kilimani, juu ya nyumba zetu. Walimsikia akilia angani. Uani kwa mtu hawakuwahi kumwona.

Jumapili hiyo nilikuwa ndiyo kwanza nimeweka birika mezani. Mbwa wa yule mama, mdogo, mweupe, mzee asiyeona vizuri, alilala juani kwenye nyasi. Mara tumbili waliokuwa kwenye mparachichi wakapiga kelele na kutawanyika. Kivuli kikapita. Nikasikia kishindo kama gunia limeangushwa.

Tai alikuwa amesimama juu ya mbwa. Sikujua kama ndege anaweza kuwa mkubwa hivyo: kifua cha mabaka meusi na meupe, miguu minene kama mkono wangu, macho ya manjano. Mbwa alilia mara moja tu.

Nikageuka nipige kelele pamoja na wenzangu. Wote walikuwa wamesimama, darubini machoni. Ndege yuko pale pale, hata mtoto angemwona, na wao wameshika darubini!

"Usisogee," mwalimu akaninong'oneza. "Tafadhali, usimfukuze."

Mama mwenye mbwa naye darubini yake ilikuwa machoni.

Nilikimbia na viatu vyangu vya kanisani, nikavuta blanketi kwenye kamba ya nguo. Tai akafungua mabawa, akanitazama kama anayepima iwapo nami nabebeka. Nikarusha blanketi, likaanguka mbali naye, lakini akaruka, akapita juu ya paa bila kitu.

Mwalimu mwenyewe alitupeleka kwa daktari wa wanyama. Robot, taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu, akapita tu. Mbwa alikata roho mapajani mwa mama yule kabla hatujafika. Sweta yake ilikuwa imelowa damu. Akaniambia polepole, "Alikuwa jike, yule tai. Majike ndio wakubwa zaidi. Umeona?"

Njiani nikikimbia vita vya kwetu nilikuwa nimeona mengi ambayo sipendi kuyasimulia, lakini kwa maneno hayo niligeuza uso dirishani.

Saluni, nilipomsimulia dada niliyefanya naye kazi, aliacha kusuka. "Iko ndege gani ya kubeba mbwa? Na mwenyewe anaangalia tu? Eish, dada, uhame pale."

Jumapili iliyofuata walikuja tena. Nilidhani mama hatazungumza. Akazungumza wa kwanza, akieleza rangi, ukubwa, upande aliotokea, kama muuguzi anayekabidhi zamu. Kisha sauti ikakatika.

"Sikuweza kuishusha," akasema. "Niliiambia mikono yangu ishushe darubini. Ilikataa."

Hakuna aliyemtazama. Akanigeukia mimi. "Na wewe, uliona nini?"

"Mimi niliwaona ninyi," nikajibu.

Sikupanga kusema hivyo. Mwalimu akaweka kikombe chini, akakosa mahali pa kuweka mikono yake. Hatimaye akaniambia, "Samahani, mama." Hakuwa ameniita mama hata siku moja. Mwenye nyumba akanishika kiganja, akakikamata kwa nguvu mpaka nikahisi maumivu, na sikukiondoa.

Sikuhama. Wageni waliendelea kuja, ila mwalimu hakurudi tena. Na kila tai alipolia juu yetu, mama yule alisimama, akaingia ndani na kufunga mlango, darubini akaiacha mezani.